Mpango wa Siku Kumi na Sita

Walizaliwa siku moja, kaka akimtangulia dada kwa dakika ishirini, na kwa dakika hizo ishirini alidai heshima ya mkubwa maisha yake yote. Dada hakuwahi kumpa. Kaka alikuwa fundi wa kukata mawe ya kaunta za jikoni. Karakanani walimwita Nusumili, kwa sababu jiwe lake likipishana na ukuta kwa zaidi ya nusu milimita alilirudisha mezani, hata kama mwenye nyumba mwenyewe ameshasema pamependeza. Dada alikuwa msoma mita wa idara ya maji, akizunguka nyumba hadi nyumba na daftari kwapani. Yeye aliitwa Mita. Mama yao mwenyewe, miaka yake ya mwisho, aliwaita hivyo hivyo, akisema majina aliyowapa yalikuwa marefu mno kwa mtu anayeumwa.

Huyo mama ndiye chanzo cha safari. Alilazwa miezi mitatu ghorofa ya nne ya hospitali, kitanda cha dirishani. Mapacha walipokezana zamu ya kumkalia, na kwa kuwa wodini hapakuwa na kingine cha kutazama, walitazama milima iliyokuwa mbali nyuma ya mapaa ya mabati. Waliitazama asubuhi ikiwa ya buluu na jioni ikiwa ya kijivu, mpaka wakawa wanabishana kilele kipi kinashikwa na jua kwanza. Siku moja mama akauliza, bila kumlenga yeyote, "Hivi kule watu huwa wanafika?" Nusumili akaenda kuulizia. Akarudi na karatasi. Ilikuwepo njia, tena inayojulikana, inayopita mgongoni mwa safu nzima ya milima: kilomita mia mbili na thelathini, siku kumi na sita, vibanda kumi na vinne vya kulala, na siku ya tisa inavuka pengo kati ya vilele viwili kwenye mita elfu nne na mia mbili. Mama alikuwa ameshalala. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Baada ya msiba wakakubaliana. Siku ya kutimiza miaka arobaini na tano, wote wawili wawe wanaianza njia ile. Walikuwa na miaka miwili kamili ya kujiandaa.

Tangu hapo kwenye meza ya sebuleni kwa Nusumili hapakuliwa chakula tena. Ilifunikwa na ramani, na ramani ikafunikwa na plastiki ili mtu asiweke kikombe juu yake. Mke wake, aliyekuwa akishona sare za shule hapo hapo nyumbani, aliwashonea mifuko midogo ya kutenganisha vitu: mwekundu wa dawa, wa kijani wa soksi, mweusi wa taka. "Nimewahi kuona watu wanalazimishwa kuteseka," alisema, sindano mdomoni. "Watu wazima wanaoomba ruhusa kazini ili wakateseke ndiyo kwanza nawaona kwangu."

"Wifi, utashonewa na wewe wako," Mita alimjibu.

"Mimi nina cherehani. Inanitesa vya kutosha."

Kila kitu kilipimwa kwenye mizani ya jikoni. Nusumili aliweka kikomo: begi lisizidi kilo kumi na moja kwa mtu, maji yakiwemo. Alikata mpini wa mswaki. Alitoa visanduku vya dawa na kubakiza vidonge. Walipika wali na maharagwe, wakavitandaza kwenye trei, wakavikausha ndani ya oveni yenye moto mdogo mpaka vikawa kama changarawe, kisha wakavifunga kwa fungu la siku moja moja na kuandika juu yake siku na kibanda. Walijaribu kuloweka fungu moja na kulila. Mita alitafuna kwa muda mrefu.

"Ladha yake ikoje?" kaka aliuliza.

"Kama makosa ya mtu mwingine."

Walicheka mpaka mke akasimamisha cherehani kusikiliza.

Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi asubuhi, kwenye jengo la kuegesha magari karibu na soko. Lilikuwa na ghorofa saba na ngazi mia moja sitini na nane, na mlinzi wake aliwaruhusu kwa sharti kwamba wasimwage jasho penye magari. Kupanda na kushuka kulihesabika mzunguko mmoja. Mita aliandika namba, kwa kuwa ndiyo kazi yake: kwenye daftari alichora safu mbili, yake na ya kaka, kama anavyoandika nyumba mbili za mtaa mmoja. Mwaka wa kwanza safu zile zilikwenda sambamba. Mizunguko sita kwa sita, minane kwa minane, kumi kwa kumi. Nusumili alibeba ndani ya begi vipande vya mawe vilivyobaki kazini, alivyovifunga kwa magazeti, maana alisema ukitaka kuzoea kilo kumi na moja ubebe kumi na tano.

Mwaka wa pili ulipoanza, safu moja ilianza kubaki nyuma. Mita alifikisha mizunguko kumi na miwili, kaka akaishia tisa. Wiki iliyofuata akaishia nane. Alisema ni buti mpya. Akabadilisha soksi, akazipaka buti mafuta, akazivaa hata kazini ili zilegee. Akaishia saba.

Ilifika Jumamosi moja Mita alikuwa ameshateremka mara ya tatu, akamkuta kaka yake amesimama ghorofa ya nne, mkono kwenye nguzo, anatazama gari dogo la kijivu kana kwamba anataka kulinunua.

"Vipi?"

"Naangalia magari."

"Umeliangalia hilo hilo tangu nilipopanda."

Alikuwa hana pumzi ya kujibia. Midomo yake ilikuwa imepauka. Dada alimvua begi, akalifungua, akatoa vipande vyote vya mawe na kuvipanga ukutani.

"Ni mafua," Nusumili alisema baadaye, walipokaa kwenye ngazi ya mwisho. "Yalikuja tangu mwezi uliopita, hayajaisha vizuri."

"Uzee huo."

"Sasa na wewe si ungezeeka? Tumetoka siku moja."

"Mimi nilikaa ndani dakika ishirini zaidi. Nilikuwa najihifadhi."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha.

Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa ghala refu la mabati, lenye meza sita na mafundi tisa. Mawe yenyewe siku hizi hayakutoka mlimani; yalikuwa unga wa mawe uliogandishwa kiwandani kwa gundi, mgumu na wa kung'aa, unaopendwa na watu wanaojenga majiko ya kisasa. Kulikuwa na pampu ya kumwagia maji kwenye msumeno wakati wa kukata, ili vumbi lisiruke. Ilipoharibika, bosi alisema ataleta nyingine. Wakakata kikavu wakiisubiri. Vumbi lilikuwa laini kuliko unga wa ngano. Lilikaa kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye chai. Walikuwa na barakoa za karatasi, moja kwa mtu kwa wiki, na kufika Jumatano zilikuwa ngumu kama gamba. Jioni Nusumili alijikung'uta mlangoni kabla ya kuingia ndani, na mkewe alimwita mwokaji. Ilikuwa mizaha ya zamani, ya miaka.

Miezi minne kabla ya safari kikaja kibali kutoka hifadhini, kina majina yao wote wawili na tarehe. Pamoja nacho ilikuja fomu: kila mtu anayevuka lile pengo la siku ya tisa lazima aje na cheti cha daktari. Mita alikipata chake saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini, daktari akamwambia moyo wake ni wa msichana. Nusumili aliikunja fomu akaitia kwenye mfuko wa koti, na koti likakaa nyuma ya mlango wiki tatu.

Alipokwenda, hakumwambia mtu. Alipewa bomba la kupuliza, akapuliza mara tatu, na kila mara muuguzi aliitazama mashine kisha akamwomba arudie, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea kuishika. Akapigwa picha ya kifua. Kisha akaitwa kwa daktari, mwanamke wa makamo yake, aliyekuwa anaitazama ile picha kwenye kioo cha kompyuta.

"Kaka, unafanya kazi gani?"

"Nakata mawe ya kaunta."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na tisa. Haya ya kiwandani, kumi na moja."

"Mnakata kwa maji au kikavu?"

"Kwa maji, pampu ikiwa nzima."

"Na ni nzima?"

Ilimbidi afikiri. "Iliharibika mwaka juzi."

Daktari akamgeuzia kioo. "Hapa pote pangetakiwa kuwa peusi. Huu weupe unaouona huku juu, na huku, ni makovu. Vumbi likiwa dogo namna hiyo mwili unashindwa kulitoa. Unalizungushia kovu. Na kovu halivuti hewa."

"Dawa yake?"

"Kwanza uache hiyo kazi. Leo, usingoje mwisho wa mwezi."

"Nimekuuliza dawa, daktari."

Daktari alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Ya kuondoa makovu hakuna. Tutajaribu kupunguza kasi. Wapo waliobadilishiwa mapafu, lakini sitaki nikudanganye, kwetu hapa ni jambo la kusikia."

Nusumili alitoa fomu mfukoni. Alikuwa ameshaijaza sehemu zote zinazomhusu yeye, kwa mwandiko wake wa kunyooka. Akaiweka mezani. "Basi nisainie hii tu. Nitapanda polepole."

Daktari akaisoma. "Mita elfu nne na mia mbili."

"Ni siku ya tisa tu. Siku nyingine zote ni chini ya hapo."

"Kuja hapa ofisini kwangu umepanda ngazi au lifti?"

"Lifti."

"Ni ghorofa ya pili. Kwa nini lifti?"

Nusumili aliitazama fomu yake. Kisha akaichukua, akaikunja kwa mikunjo ile ile ya awali, na kushukuru.

Usiku ule ule alimwambia mkewe, kwa sababu mke wa fundi hujua mumewe akirudi na mikono isiyo na vumbi. Dada hakumwambia. Wiki ya kwanza alisema cheti hakijatoka. Ya pili akasema daktari amesafiri. Ya tatu Mita alikuja na hesabu ya gesi ya kupikia, mitungi midogo mingapi kwa siku kumi na sita, akamkuta amekaa mbele ya ramani na hajaiinamia.

"Tuahirishe," kaka alisema.

"Tuahirishe nini?"

"Safari. Kazi zimebana. Bosi hanipi hizo wiki tatu."

"Bosi alishakupa. Nilikuwepo unaniambia."

"Amebadilika."

Mita aliweka karatasi yake juu ya meza. Alikuwa mtu anayejua kusoma mita iliyochezewa. Kwa miaka ishirini watu walikuwa wakimdanganya milangoni mwao huku wakitabasamu. "Mwaka mzima unapungua kila Jumamosi na hutaki kusema. Sasa unamsingizia bosi. Ungesema tu umeogopa."

Mke alikuwa mlangoni na kitambaa mkononi. Nusumili alimtazama kwa namna ya kumnyamazisha.

"Basi nimeogopa," alisema.

"Miaka miwili."

"Ndiyo. Miaka miwili, halafu nimeogopa."

"Nitakwenda peke yangu."

"Nenda."

Aliondoka bila kuaga. Siku kumi na mbili hawakuongea, na tangu wazaliwe haikuwahi kufika siku tatu. Siku ya kumi na tatu mke alikwenda ofisi za idara ya maji, akasimama kwenye foleni ya watu wenye malalamiko ya bili, na zamu yake ilipofika akaomba aitiwe Mita. Walikutana kwenye korido, chini ya kalenda ya mwaka uliopita.

"Wifi," mke alisema, "muache mwenzio na hilo neno la uoga. Hana mapafu."

Alimweleza alivyoelezwa. Mita alisikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja moja kama anayeandika. Yameharibika kiasi gani. Tangu lini. Nani amesema. Kisha akarudi mezani kwake akaendelea na kazi mpaka saa ya kutoka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na alipofika kwa kaka yake jioni alikuwa bado na kalamu sikioni.

"Kwa nini ulikubali nikuite mwoga?"

"Nilitaka uende," kaka alijibu. "Ukiwa umenikasirikia ungekwenda."

Mita hakukubali kwamba hakuna dawa. Hakulia, alianza kuhangaika. Alimpeleka kaka yake kwa daktari wa pili, na wa tatu katika mji mwingine, akiwa na bahasha ya picha kifuani. Wote walionyesha weupe ule ule kwa kalamu, na wa tatu hakumaliza hata dakika tano. Alimlazimisha bosi aite watu wa afya wawapime mafundi wengine. Kati ya wote tisa, pamoja na Nusumili, watano walikuwa na makovu, mmoja wao kijana wa miaka ishirini na sita ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Bosi alifunga ghala kwa kufuli akasema ni matengenezo. Hakuonekana tena. Mafundi waliendelea kufika asubuhi kwa siku kadhaa, wakasimama nje ya geti la karakana wakikohoa mmoja mmoja, kisha wakaacha.

Na mpango nao ukaanza kupungua. Kwanza walifuta lile pengo. Wakatafuta njia ya kukatisha bondeni, ikabaki siku tano, kilomita arobaini, hakuna mahali panapozidi mita elfu mbili na mia tano. Nusumili aliichora upya kwa kalamu nyekundu juu ya plastiki, akapanga mafungu ya chakula upya, akapima upya. Alifanya hayo kwa utulivu uliomtisha mkewe kuliko kikohozi. Wiki tatu baadaye hakuweza kutoka kitandani hadi bafuni bila kukaa njiani kwenye stuli, na siku tano zikawa usiku mmoja, kibanda cha kwanza, kilomita tisa. Ikaletwa mashine ya oksijeni yenye mtungi na mrija wa puani. Akauliza mtungi una kilo ngapi. Akaambiwa. Akaandika kwenye orodha, akajumlisha, akatoa soksi jozi mbili ili kufidia.

"Mwenzangu," mke alimwambia, "hizo soksi zina kosa gani?"

"Uzito."

"Utalala baridi."

Alimtazama mkewe kwa muda, akitafuta kama anamkejeli, akaona hapana, kwamba naye amesahau kwa dakika moja kuwa hakuna kulala kokote. Akazirudisha soksi kwenye mfuko wa kijani.

Siku moja mchana, akiwa peke yake, alijaza begi lote kama lilivyopangwa tangu mwanzo, kilo kumi na moja kamili. Alitaka kujua tu. Mke aliporudi kutoka dukani alimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea begi, mikono imo ndani ya mikanda, hawezi kusimama nalo na hawezi kujitoa. Alikuwa amekaa hivyo saa nzima. Mke alimfungua kifungo kimoja kimoja. Baadaye alisema kwamba ni hapo alipojua mumewe atakufa, si kwa daktari. Kwa daktari alisikia tu.

Siku ya kuzaliwa ilipofika walikodi gari lenye dereva, wakaondoka alfajiri, Mita mbele, mume na mke nyuma na mtungi katikati yao. Makubaliano yalikuwa haya: Nusumili atafika langoni aione njia inapoanzia. Mita ataianza, yote, siku kumi na sita, kama kibali kinavyosema. Alikataa mara nyingi. Kaka alimwomba kwa namna ambayo hakuwahi kumwomba kitu, akasema, "Nifanyie hivyo tu, sitakuomba lingine," na kwa kuwa lilikuwa jambo la kweli, Mita akakubali.

Barabara ilipanda kwa saa nne. Kila ilivyopanda, Nusumili alizidi kukaa wima, kama mtu anayetaka kichwa chake kitoke majini. Mke alifungua oksijeni kidogo, kisha zaidi. Walipofika langoni alikuwa kijivu, jasho limemjaa juu ya mdomo, na ilibidi wangoje nusu saa ndani ya gari kabla hajaweza kutia mguu chini.

Askari wa hifadhi alitoka na daftari lake. Akasoma kibali. "Majina mawili. Wa pili ni nani?"

"Ni mimi," Nusumili alisema kutoka kwenye kiti.

Askari aliutazama mrija, akautazama mtungi. Hakuwa mtu mbaya. Akaandika jina la Mita, na penye jina la pili akavuta mstari mwembamba kwa rula, polepole, akitaka unyooke.

Kutoka kwenye gari hadi kibao cha mwanzo wa njia palikuwa na mwendo wa mtoto kukimbia bila kupumzika. Walitumia dakika thelathini na tano. Mke alibeba mtungi, Mita alimshika kaka yake mkono, na kila hatua sita walisimama. Watembeaji wengine wawili, vijana wenye mabegi mapya, waliwapita wakasalimia kwa heshima na kuongeza mwendo. Kwenye kibao paliandikwa jina la kibanda cha kwanza na kilomita tisa. Zaidi ya hapo njia iliingia msituni ikapinda. Milima yenyewe haikuonekana. Ilikuwa na wingu, na hata bila wingu, askari alisema, ukiwa chini yake hivi huwezi kuiona.

Nusumili alikaa kwenye jiwe. Alipumzika mpaka akaweza kusema maneno mawili.

"Haya. Nenda."

"Nikae kidogo."

"Mita. Nenda."

Alivaa begi lake, akafunga mkanda wa kiunoni, akawapa mgongo. Walimwona akitembea vizuri, hatua za mtu aliyetembea mitaa miaka ishirini, mpaka alipokunja kona. Nusumili aliendelea kuitazama kona. Uso wake, mke alisema, ulikuwa na kitu karibu na raha.

Mita alitembea dakika arobaini. Njia ilikuwa nzuri na hewa ilikuwa safi, mapafu yake yaliichukua yote bila shida, na kila alivyovuta pumzi ndefu ndivyo alivyoshindwa kustahimili kwamba zinaingia. Alifika kwenye daraja la mbao juu ya kijito. Akasimama. Alijiambia avuke, akahesabu mpaka kumi, akahesabu tena. Kisha akageuka, na kurudi alikuwa anakimbia, begi likimpiga mgongoni, akiogopa kwamba watakuwa wameondoka.

Walikuwa bado pale pale. Nusumili alimwona anatokea kwenye kona, na ile raha ikatoka usoni mwake taratibu.

"Umesahau nini?" aliuliza.

"Sikusahau kitu."

"Basi rudi. Bado mapema, utafika kabla ya giza."

"Siwezi."

"Unaweza. Wewe unaweza." Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Mimi ndiye siwezi. Wewe ni nini kinakuzuia?"

Mita alipiga magoti mbele yake na begi mgongoni. "Usinikasirikie."

"Nilikuomba jambo moja."

"Najua."

"Moja tu."

Mke alisema, "Tumwache apumue." Askari aliwaletea maji kwenye kikombe cha bati. Nusumili hakuyanywa. Alimrudishia askari kikombe kikiwa kimejaa, akasema asante, akaanza kuinuka peke yake, na ilibidi wamshike.

Aliishi wiki kumi na moja baada ya siku hiyo, nyingi kati yake hospitalini. Alizungumza na dada yake kama kawaida, kuhusu chakula, kuhusu wauguzi, kuhusu mpira. Njia ile hakuitaja tena. Mita alijaribu mara mbili kuanza kuomba msamaha, na mara zote mbili kaka aliuliza ni saa ngapi.

Lakini siku ile, garini, wakiwa wanateremka na hewa imeanza kumrudia, aliuliza akiwa amefumba macho, "Ulifika wapi?"

"Kwenye daraja."

"La mawe?"

"La mbao. Dogo."

"Na ng'ambo yake kuna nini?"

Mita hakuwa mtu wa kubuni. Maisha yake yote aliandika kile tu alichokiona kwenye kioo cha mita. Alitafuta cha kusema kwa kona mbili tatu za barabara.

"Sikuvuka," alisema.

Nusumili aligeuza kichwa upande wa pili, wa mkewe, akakilaza pale. Dereva akaongeza mwendo.